Sakafu, Gundi na Maji Yasiyoonekana

*Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio. Mwalimu asome polepole, kisha darasa lijibu maswali yaliyo mwishoni.*

 

Tumezoea kusikia katika historia habari za wafalme, vita na safari za baharini. Leo tutasoma historia ya kitu tunachokikanyaga kila siku wala hatukitazami, yaani sakafu. Tutauliza swali moja tu. Sakafu ya saruji ni ngumu kama jiwe. Kwa nini basi iliwashinda mafundi wengi wa nchi nyingi, walipojaribu kubandika juu yake vigae vya plastiki au vibao vya mbao kwa gundi?

Swali hili linahusu fedha za watu. Mtu huweka akiba mwaka mzima, akanunua vibao vizuri, akaita fundi. Siku ya kwanza chumba kinang'aa, na majirani wanakuja kutazama. Baada ya miezi michache kibao kimoja kinainuka pembeni, halafu cha pili, halafu chumba kizima kinanuka uvundo. Fundi anailaumu gundi, mwenye duka anamlaumu fundi, na mwenye nyumba amekwisha lipa. Tukijua historia, tutajua kosa lilianzia wapi.

1. Sakafu za watu wa kale

Tuanze na neno lenyewe. "Sakafu" limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni dari au paa. Jambo hili si la ajabu ukikumbuka nyumba za mawe za pwani yetu, kama zile za Kilwa, Gedi na Lamu. Mafundi walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa. Walipanga boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake wakaweka mawe, na juu ya mawe wakamwaga chokaa iliyochanganywa na mchanga na vijiwe. Paa la chumba cha chini likawa sakafu ya chumba cha juu.

Chokaa ile haikuachwa ikauke yenyewe. Watu walikaa juu yake na magongo wakaipiga, siku baada ya siku, kwa nyimbo, mpaka ikashikamana. Ndiyo maana Kiswahili kina neno "kupigilia". Kupigilia sakafu ilikuwa kazi ya watu wengi na ya subira nyingi.

Sasa twende mbali, katika dola ya Warumi, miaka zaidi ya 2,000 iliyopita. Huko aliishi mjenzi aliyeitwa Vitruvius, naye aliandika vitabu 10 juu ya ujenzi. Katika kitabu cha saba alieleza jinsi ya kutayarisha sakafu. Kwanza, alisema, chunguza ardhi kama ni ngumu pote, kisha uisawazishe. Tandaza mawe, na lisiwepo lililo dogo kuliko linalojaza kiganja. Juu yake weka kokoto pamoja na chokaa, sehemu tatu kwa moja, halafu vikundi vya watu viipige kwa miti mpaka ishikamane. Juu yake tena weka vigae vilivyopondwa pamoja na chokaa, sehemu tatu kwa moja vilevile. Hapo ndipo mawe ya mapambo yapangwe.

Angalieni vizuri. Mrumi yule na fundi wa Lamu hawakuonana kamwe, lakini wote wawili walijua kwamba kazi kubwa ya sakafu iko chini, mahali ambapo macho hayafiki. Wahenga wetu walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi leo tunaweza kuongeza kwamba sakafu njema si kigae, tazama kilicho chini yake.

Tena sakafu zile za chokaa zilikuwa na faida moja kubwa. Zilipumua. Unyevu uliopanda kutoka ardhini ulitoka juu ukaenda hewani. Watu walitandika mikeka tu, na mkeka una matundu, tena huinuliwa na kuanikwa. Maji yalikuwa na njia ya kutoka.

2. Saruji inakuja, na gundi nyuma yake

Mwaka 1824 mwashi mmoja wa Leeds, Uingereza, jina lake Joseph Aspdin, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Alikuwa amechoma chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi, akasaga, akapata unga ugandao kwa maji. Akauita saruji ya Portland, kwa kuwa ulipoganda ulifanana na mawe ya mahali paitwapo Portland. Unga ule uliboreshwa na wengine baada yake, ukaenea duniani. Kwetu Afrika Mashariki kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966.

Sakafu ya saruji iliwafaa watu, lakini ni baridi, ina vumbi, na huchosha miguu. Basi watu wakataka kuivika nguo. Mwaka 1863 Mwingereza mwingine, Frederick Walton, alipewa hati kwa ajili ya linoliamu. Alitengeneza mafuta ya kitani yakawa mazito kama utomvu, akayachanganya na unga wa gome la mti, akayabandika juu ya kitambaa cha gunia. Ikawa nguo ya sakafu ya kuviringishwa, laini kwa mguu, rahisi kusafisha. Wengine walipendelea vibao vya mbao ngumu, wakavipanga katika lami ya moto. Hata muhugu wa misitu ya Kenya na Tanzania ulijulikana ng'ambo kwa kazi hiyo, kwa sababu hauliki upesi.

Hapa ndipo shida yetu ilipoanza. Mkeka huinuliwa, lakini kitu kilichobandikwa kwa gundi hakiinuliwi. Kwa mara ya kwanza mwanadamu alikuwa ameifunika sakafu yake kama chungu kinavyofunikwa.

3. Maji yanatoka wapi?

Huenda ukauliza: Maji gani hayo, na zege limekauka? Kuna maji ya namna mbili.

Ya kwanza hutoka ardhini. Umeona utambi wa taa. Mguu wake umo katika mafuta, nayo mafuta hupanda yenyewe hadi juu. Zege nalo lina vijitundu vidogo sana visivyoonekana kwa jicho, na maji ya ardhi hupanda humo kama mafuta katika utambi.

Ya pili ni yale tuliyoyatia wenyewe. Tufanye hesabu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na maji lita 25 hivi. Saruji inapoganda hula karibu nusu ya maji hayo yakawa sehemu ya jiwe. Nusu nyingine, lita 12 au zaidi kwa kila mfuko, hubaki katika vijitundu. Lazima yatoke polepole kwa njia ya mvuke. Zege linaweza kuwa gumu la kubeba lori, na bado tumboni limejaa maji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa funika sakafu hiyo kwa plastiki na gundi. Wali ukifunikwa, tazama chini ya kifuniko. Utaona matone. Ndivyo inavyokuwa chini ya kigae. Tena maji hayo si maji matupu. Yamebeba ukali wa saruji, ukali wa namna ya magadi. Gundi nyingi haziwezi kuuvumilia. Hulainika, zikawa kama uji, na kigae kikaachia.

4. Nyumba 17,000 za Levittown

Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, askari wa Marekani walirudi kwao wakakuta nyumba hazitoshi. Katika kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, kampuni ya Levitt na wanawe ilianza mwaka 1947 kujenga mji mpya ulioitwa Levittown. Mpaka mwaka 1951 ilikuwa imejenga nyumba zaidi ya 17,000. Kulikuwa na siku zilizokamilika nyumba 30 kwa siku moja. Lakini haki haikuwa ya wote, maana mikataba ya kwanza ya nyumba zile iliwakataza watu weusi kukaa humo.

Kampuni iliwezaje kwenda mbio hivyo? Desturi ya huko ilikuwa kuchimba chumba chini ya kila nyumba, na sheria ya mahali pale ilidai hivyo. Mwaka 1947 sheria ikabadilishwa, na nyumba zikaruhusiwa kukaa juu ya bamba la zege lililomwagwa juu ya ardhi. Siku nyingi za kuchimba zikaokolewa. Lakini sasa zege liligusana na ardhi, na hapakuwa tena na chumba kitupu chini yake cha kupitisha hewa.

Juu ya zege hilo walibandika vigae vya lami, vya rangi nyeusi. Haikuwa bahati. Vigae vya namna hiyo vilikuwa vikitengenezwa Marekani tangu miaka ya 1920, na gundi yao nayo ilikuwa ya lami. Lami haiogopi maji wala ukali wa saruji. Tena vilikuwa vidogo, mara nyingi inchi 9 kwa 9, na mvuke kidogo uliweza kutoka katika viungo vyao. Linoliamu, yenye gunia mgongoni, ingeoza mahali hapo.

Lakini kulikuwa na ubaya uliofichika. Ili vigae vya namna ile visivunjike, viwanda vilitia ndani yake nyuzi za asbesto. Baadaye ilijulikana wazi kwamba vumbi la asbesto likivutwa na pumzi huleta saratani na magonjwa mengine ya mapafu. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, na nchi nyingi nyingine zimefanya hivyo. Kwa hiyo ukiona katika jengo la zamani vigae vidogo vya inchi 9 juu ya gundi nyeusi, usivipige msasa, usivivunje, wala usikwangue gundi ile ikiwa kavu. Tafuta kwanza mtu mwenye ujuzi wa kuvipima.

Wakati huohuo kinga nyingine ilikuwa njiani. Mwaka 1933 wanasayansi wawili wa kiwanda kimoja huko Northwich, Uingereza, walikuta katika chombo chao kitu cheupe kama nta ambacho hawakukitazamia. Kilikuwa polithini, ile ambayo sisi tunaiita nailoni. Baada ya vita, wajenzi wakaanza kuitandaza chini ya zege kabla ya kulimwaga. Nailoni nene isiyotoboka hukata utambi wetu, na maji ya ardhi hubaki ardhini. Lakini haiyaondoi yale maji ya pili, tuliyoyatia wenyewe. Hayo husubiri muda tu.

5. Funzo la Uswidi

Muda ndio walioukosa watu wa Uswidi. Katika miaka ya 1970 wajenzi wa huko walipata dawa nzuri ya kusawazisha sakafu. Ilikuwa unga wa saruji uliotiwa kaseini, yaani ile sehemu ya maziwa inayoganda yanapochacha. Kaseini iliufanya mchanganyiko utiririke kama uji na kujisawazisha wenyewe, bila fundi kupiga magoti na mwiko. Tangu mwaka 1977 hivi ilimwagwa katika nyumba nyingi mpya, na juu yake yakabandikwa mazulia ya plastiki na vibao vya mwaloni.

Zege lilikuwa bado bichi. Maji yenye ukali wa saruji yakapanda, yakaingia katika kaseini, nayo ikaanza kuoza. Humo mlitoka amonia na harufu mbaya. Mbao za mwaloni zikageuka rangi, zikawa na madoa meusi. Wakazi walilalamika kwamba macho yanawawasha na vichwa vinawauma. Wengi wao hawakujua kwamba ugonjwa wa nyumba yao uko chini ya miguu yao. Mwaka 1983 viwanda viliacha kutia kaseini. Lakini sakafu zilizokwisha mwagwa zilikuwa nyingi, na kuziponya maana yake ilikuwa kubandua nguo yote na kukwangua mpaka zege tupu.

Kosa halikuwa la maziwa peke yake. Gundi za kawaida nazo, zikikutana na zege bichi, zilioza na kutoa harufu. Waswidi wakajifunza kwamba kuuliza "zege lina umri gani?" hakutoshi. Yafaa kuuliza "zege lina maji kiasi gani?" Na swali la kiasi hujibiwa kwa kipimo.

6. Kupima badala ya kubahatisha

Wamarekani walikuwa wamekwisha pata kipimo kimoja katikati ya karne ya 20. Walichukua chumvi iitwayo kalisi kloridi, inayokunywa mvuke kwa pupa. Waliipima uzito, wakaiweka juu ya zege chini ya kifuniko cha plastiki kilichozibwa pande zote, na baada ya siku tatu hivi wakaipima tena. Uzito ulioongezeka ni maji yaliyotoka katika zege. Kwa sakafu nyingi kiwango kilikuwa pauni 3 za maji katika eneo la futi za mraba 1,000 kwa saa 24. Yakizidi hapo, usibandike.

Kipimo hicho kilikuwa na upungufu, maana kilionyesha habari za uso wa zege tu. Uso waweza kukauka na tumbo likawa limelowa. Kwa hiyo ilikuja njia ya kutoboa tundu na kupima unyevu wa hewa ndani yake. Mwaka 2002 Wamarekani waliandika kanuni ya njia hiyo. Zege linalokauka upande mmoja litobolewe mpaka kina cha 40 kwa mia ya unene wake. Huko Uingereza kanuni ilitaka unyevu usizidi 75 kwa mia kabla ya kubandika. Waswidi walitumia 85 kwa mia kwa sakafu nyingi za plastiki. Kila gundi ina kiwango chake, nacho huandikwa katika karatasi ya kiwanda. Isomeni karatasi hiyo. Kujua kusoma kuna faida hata kwenye kopo la gundi.

Vipimo hivi vilizidi kuwa na maana kubwa katika miaka ya 1980 na 1990. Nchi nyingi zilianza kuondoa gundi zenye mivuke mikali iliyodhuru mapafu ya mafundi na kuchafua hewa. Zilizokuja mahali pake zilikuwa za maji. Zilikuwa nafuu kwa afya, lakini hazikuwa na uvumilivu wa ile lami nyeusi ya zamani. Zege ambalo babu alilifunika bila hatari, mjukuu hakuweza kulifunika.

7. Basi tufanyeje?

Tukiyakusanya mafunzo hayo, tunapata utaratibu huu.

Kwanza, kata njia ya maji ya ardhi. Tandaza nailoni nene chini ya zege, na viungo vyake vipandane.

Pili, subiri. Mafundi huhesabu mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, baada ya nyumba kuezekwa na mvua kuzuiwa. Zege la inchi 4 litataka miezi minne au zaidi. Haya ni makadirio tu, hayachukui nafasi ya kipimo.

Tatu, pima. Usipokuwa na chombo, bandika kipande cha nailoni angavu, futi moja na nusu kila upande, ukizibe pande zote kwa utepe, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukiona matone au zege limekuwa jeusi, usiendelee. Lakini usipoona kitu, usifurahi mapema, maana jaribio hili hukamata maji mengi tu. Kwa kazi ya gharama kubwa tafuta mwenye chombo.

Nne, safisha. Ondoa mafuta, rangi, nta na ule utando mweupe ulio dhaifu juu ya saruji. Kisha dondosha tone la maji. Likikaa juu kama ushanga, bado pana uchafu, na gundi haitashika. Likinywewa, uso umefunguka.

Tano, sawazisha. Weka mti ulionyooka wa mita 2. Katika kazi nzuri nafasi chini yake haizidi milimita 3. Penye mwinuko paga, penye shimo jaza, nacho ulichojaza kikauke pia.

Hapo ndipo ufungue kopo la gundi.

Ndugu wasikilizaji, watu wa Levittown walipata nyumba upesi, lakini walioziwekea sakafu walijua kuchagua lami. Watu wa Uswidi walikuwa na saruji bora na mafundi waliosoma, lakini waliharakisha. Fundi wa Lamu hakuwa na chombo cha kupimia unyevu. Alikuwa na gongo, wimbo na siku nyingi, na sakafu yake ilipumua. Sisi tunaotaka sakafu ya kubandika tumeiziba njia ya pumzi, kwa hiyo yatupasa tungoje maji yatoke kwanza, ndipo tufunge mlango. Msimamizi akikuhimiza ubandike wiki hii, nawe umeona matone chini ya nailoni, mwonyeshe matone hayo. Hayabishaniwi.

Tutaonana katika somo lijalo. Kwaherini.

Maswali ya darasa

1. Neno "sakafu" lilikuwa na maana gani katika lugha lilikotoka?
2. Kwa nini mkeka hauidhuru sakafu yenye unyevu, na kigae cha gundi kinadhurika?
3. Mifuko 8 ya saruji ya kilo 50 imechanganywa kwa lita 25 za maji kila mmoja. Ikiwa saruji imekula nusu ya maji, ni lita ngapi zimebaki katika zege?
4. Nailoni iliyo chini ya zege huzuia maji yapi, na haizuii yapi?
5. Taja jambo moja ambalo Waswidi walijifunza baada ya mwaka 1983.
6. Tazameni sakafu ya darasa lenu. Mkiambiwa mbandike vigae kesho, mtafanya nini kwanza?